Mkutano mpana, kamati ya faragha, vipimo vya pamoja au ziara? Ulinganisho kwa wanasayansi wanaotaka kuzungumza na upande wa pili kuhusu silaha za nyuklia

Kundi la wanasayansi likiamua kukutana na wenzao wa nchi hasimu kuzungumzia silaha za nyuklia, kwa kawaida huanza kuulizana nani atakuja na nani atalipa. Sisi tungeanza kwingine: mnapeleka nini mezani? Wazo ambalo halijaiva lina njia yake, na waraka wenye hesabu una njia yake. Kifaa cha kupimia ni habari nyingine, na mtaalamu anayeweza kuitambua plutoniamu akiishika mkononi ni habari nyingine tena. Makundi mengi hukwama kwa kupeleka mzigo mzuri kwenye chombo kisicho chake. Wazo changa hufikishwa mbele ya waandishi wa habari likafa siku hiyo hiyo, au kifaa hupelekwa kwenye mkutano wa hotuba kikabaki ndani ya sanduku.

Tunazilinganisha hapa njia nne zilizokwisha kutumika, tukionyesha zilipofika na zilipokwama. Mwishoni tunagusa njia mbili za jirani ambazo watu huzichanganya na hizi.

Mkutano mpana wa watu binafsi: Pugwash

Julai 1957, wanasayansi 22 kutoka nchi 10 walikutana Pugwash, kijiji cha pwani katika jimbo la Nova Scotia, Kanada. Gharama zilibebwa na Cyrus Eaton, tajiri mzaliwa wa hapo. Miaka miwili kabla, tarehe 9 Julai 1955, Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, alikuwa amesoma jijini London tamko lililotiwa saini na watu 11, Albert Einstein akiwemo, la kuwataka wanasayansi wakutane wapime hatari ya bomu la haidrojeni. Kanuni za kikao zilikuwa chache. Kila mtu aliingia kwa jina lake mwenyewe, hakuna aliyesema kwa niaba ya serikali, na waandishi wa habari walibaki nje. Kazi iligawanywa kwa kamati tatu: hatari za mionzi, udhibiti wa silaha, na wajibu wa mwanasayansi.

Hiyo idadi ya 22 izingatieni. Watu 20 hadi 25 wanaweza kukaa meza moja wakajibizana. Wakifika 40, kila mmoja anasoma karatasi yake, mazungumzo yanahamia kwenye mapumziko ya chai, na aliyekaa mbali na birika hasikii lolote.

Nguvu ya njia hii ni kuzaa wazo na kulifikisha juu bila mtu yeyote kulazimika kulikiri. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa Pugwash uliofanyika London, Wamarekani watatu na Wasovieti watatu walipendekeza visanduku vya kupima mitetemo ya ardhi, vilivyofungwa kwa lakiri, viwekwe ndani ya nchi zenye mabomu. Kila kisanduku kingejirekodi chenyewe, na ambaye angejaribu kukichokoa angeacha alama. Lengo lilikuwa kupunguza idadi ya wakaguzi wa kigeni, jambo ambalo Moscow ililiona kama upelelezi. Desemba mwaka huo huo Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, alimwandikia Rais Kennedy wa Marekani akikubali vituo vya namna hiyo na ukaguzi mara mbili au tatu kwa mwaka. Marekani ilikuwa imeanzia juu zaidi, ikateremka hadi saba, ikagoma hapo. Pengo kati ya tatu na saba halikuzibwa. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulipiga marufuku majaribio ya angani, ya chini ya maji na ya anga za juu, ukayaacha yale ya chini ya ardhi.

Linganisha na suala la makombora ya kudungua makombora. Wamarekani walilieleza kwa wenzao wa Kisovieti kwenye mkutano wa Pugwash wa Udaipur, India, Januari 1964: ukijenga kinga, mwenzako ataongeza mishale, na nyote mtakuwa hatarini kuliko mwanzo. Juni 1967, alipokutana na Rais Johnson huko Glassboro, Kosygin, waziri mkuu wa Sovieti, bado alikuwa anashangaa inakuwaje mtu akatazwe kujikinga. Mkataba wa kuzuia mifumo hiyo ulitiwa saini tarehe 26 Mei 1972. Wazo moja lilifika Ikulu ndani ya miezi michache, jingine lilichukua miaka minane. Mfadhili wenu aambiwe hivyo mapema, kwa maandishi.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza, fedha yenye mdomo. Eaton alipenda kutoa matamshi yake ya kisiasa, na kila alipoyatoa wanasayansi walionekana wanayaunga mkono. Ikabidi watafute fedha kwingine. Pili, neno "mtu binafsi" halina uzito sawa pande zote. Msovieti hakupanda ndege bila ruhusa ya juu. Hilo si sababu ya kususia, kwa kuwa ruhusa ile ile ndiyo iliyohakikisha maneno yake yatasikika akirudi. Ila msimtegemee abadili msimamo mezani. Atakayosikia atayabeba nyumbani, na jibu litakuja kikao kijacho. Tatu, taarifa ya pamoja: siku ya mwisho yote inaliwa na mabishano ya vivumishi. Tunashauri ifutwe kwenye ratiba kabisa, ama mwenyekiti aiandike mwenyewe kwa jina lake.

Kosa kubwa zaidi ni kumgeuza mwanasayansi kuwa tarishi. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Herbert Marcovitch wa mtandao wa Pugwash na rafiki yake Raymond Aubrac, walipeleka Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini, ujumbe wa Marekani wa kutafuta njia ya kusitisha mabomu, Henry Kissinger, wakati huo profesa wa Harvard, akiwa kiungo. Aubrac alichaguliwa kwa sababu Ho Chi Minh, kiongozi wa huko, alikwisha kulala nyumbani kwake mwaka 1946. Mlango ulifunguka, Ho akampokea Aubrac. Lakini Agosti, wakati ujumbe wa pili uko njiani, mabomu karibu na Hanoi yalizidi. Hanoi iliona inaongeleshwa huku inapigwa, nayo njia ile ikafa. Kabla ya kubeba ujumbe wa serikali yoyote, muulizeni anayewatuma: jeshi lako litafanya nini wiki mbili zijazo? Asipojua, msiende.

Kamati ndogo ya akademia mbili

Mwaka 1980 Akademia ya Sayansi ya Marekani iliunda kamati yake ya usalama wa kimataifa na udhibiti wa silaha, CISAC. Kuanzia 1981 ikawa inakutana na wenzao wa Akademia ya Sovieti, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Marvin Goldberger aliiongoza kwanza, kisha Wolfgang Panofsky. Upande wa Moscow Evgeny Velikhov alikuwa mtu muhimu sana.

Kwa mbali inafanana na Pugwash, kwa karibu hapana. Watu ni wale wale kila mara. Taarifa ya pamoja haitolewi. Wengi wa Wamarekani walikuwa wamewahi kuishauri serikali kuhusu silaha, kwa hiyo walijua mpaka wa siri uko wapi na wakaweza kusogea karibu nao bila kuuvuka. Mgeni asiyeujua mpaka huo ama huogopa kila kitu, ama humwaga mtama kwenye kuku wengi.

Iliundwa wakati mbaya. Januari 1980 Andrei Sakharov, mwanafizikia wa Kisovieti aliyeikosoa serikali yake, alipelekwa uhamishoni katika mji wa Gorky, na Akademia ya Marekani ikasimamisha kwa muda mabadilishano yake ya kawaida na ile ya Sovieti. Lakini mlango wa mazungumzo ya silaha ukafunguliwa mwaka uliofuata. Wapo waliouona kama usaliti. Sisi tunaamini walifanya sawa: mlango wa silaha ubaki wazi, na jina la mfungwa litajwe mezani humo humo.

Kazi ya kamati hii inayotugusa zaidi ni ya maneno. Ilianza mazungumzo na wataalamu wa China mwaka 1988, na mwaka 2008 pande mbili zikatoa faharasa ya Kiingereza na Kichina yenye istilahi zipatazo 1,000 za usalama wa nyuklia. Neno la Kichina linalotumika kwa dhana ya kumzuia adui kwa kumtia hofu lina harufu ya ubabe, kwa hiyo kwa miaka mingi Mmarekani alisema "tunajikinga" na Mchina akasikia "tunawatisha". Kiswahili nacho kina mtego huo. Ukisema "kuzuia" umelainisha, ukisema "kutishia" umelaumu. Na hili neno tulilolizoea redioni, "upokonyaji silaha", linasema kwamba kuna mtu ananyang'anywa. Mjumbe wa nchi yenye mabomu akilisikia kupitia mkalimani ameshakasirika kabla hoja haijaanza. "Upunguzaji" na "uondoaji" ni mambo mawili tofauti, na mkalimani apewe orodha ya maneno hayo wiki moja kabla.

Kwa utendaji: watu 8 hadi 12 kila upande, siku mbili hadi tatu, waraka wa kurasa tatu hadi tano kwa kila ajenda, utumwe mwezi mmoja kabla ili uweze kutafsiriwa na kusomwa. Ukalimani wa kupokezana, yaani msemaji anatulia mkalimani anasema, hula nusu ya muda. Siku mbili zimebaki moja. Lakini kwa kundi dogo tunaupendelea kuliko wa vibanda na vifaa vya masikioni, kwa sababu wanaojua lugha zote mbili hupata nafasi ya kusahihisha palepale. Serikali yenu ielezwe kabla ya safari na baada yake, na mwenzenu ajue kwamba mnafanya hivyo.

Udhaifu wake: mafanikio hayaonekani. Mfadhili anataka kuona kitu, nanyi hamna cha kumwonyesha. Wajumbe huzeeka pamoja bila vijana kuingia. Na kamati iliyo karibu sana na serikali polepole huanza kusema kama serikali.

Vipimo vya pamoja uwanjani

Hapa ndipo penye mengi, na ndiyo njia tunayoiamini zaidi.

Tarehe 28 Mei 1986, NRDC, shirika la Marekani la kutetea mazingira, lilitia saini mapatano na Akademia ya Sovieti jijini Moscow. Thomas Cochran alikuwa upande mmoja, Velikhov upande wa pili. Julai, wataalamu wa mitetemo kutoka California walikuwa tayari Karkaralinsk, Kazakhstan, wakisimika vipimo takriban kilomita 200 kutoka uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk. Bayanaul na Karasu zikafuata. Shirika la kiraia lilikuwa limefanya ndani ya wiki chache jambo ambalo serikali zililizungumzia tangu 1958.

Kwa nini kipimo kiwe karibu? Mlipuko wa chini ya ardhi husukuma mwamba nje pande zote, kwa hiyo wimbi la kwanza hufika likiwa la msukumo kila kituo. Tetemeko la kawaida ni mwamba kuteleza juu ya mwamba: vituo vingine hupata msukumo, vingine mvuto. Tena, mlipuko hutoa mawimbi dhaifu ya juu ya ardhi ukilinganisha na tetemeko lenye wimbi la kwanza la ukubwa ule ule. Kwa mbali tofauti hizi humezwa na kelele za ardhi. Kwa karibu mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotikisika haraka, bado yanasomeka.

Kulikuwa na ugomvi mwingine. Mkataba wa 1974 uliweka kikomo cha kilotani 150 kwa jaribio moja, na Marekani ilikuwa ikidai Wasovieti huenda wanavuka. Mahesabu hayo yalitegemea uzoefu wa Nevada, uwanja wa majaribio wa Marekani, ambako ardhi ya chini ina joto na hunyonya mawimbi. Semipalatinsk imekaa juu ya mwamba wa kale, mgumu na baridi, unaopitisha mawimbi vizuri. Bomu lile lile linaonekana kubwa zaidi likilipuliwa Kazakhstan kuliko Nevada. Usipoirekebisha tofauti hiyo, unamshtaki mtu kwa kosa la mwamba wake. Ndiyo maana Septemba 1987 walilipua baruti ya kawaida ya uzito unaojulikana, tani 10 na tani 20, wapate kulinganisha kilichorekodiwa na ukweli.

Kilichoikwamisha kazi ni siasa. Vituo viliwekwa wakati Moscow imesitisha majaribio yake, tangu 6 Agosti 1985. Ilipoyarudia tarehe 26 Februari 1987, sharti likawa vipimo vizimwe wakati wa mlipuko. Kifaa kilichowekwa kusikiliza mabomu kikazibwa masikio siku ya bomu. Hata hivyo data ya matetemeko na ya milipuko ya kawaida iliendelea kukusanywa, na hiyo ilitosha kuielewa ardhi.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi. Tarehe 5 Julai 1989, kwenye Bahari Nyeusi karibu na Yalta, timu ya Wamarekani iliruhusiwa kupanda meli ya kivita Slava na kuweka kipimo cha mionzi juu ya bomba la kurushia kombora lenye kichwa halisi cha nyuklia. Kilikuwa cha jemaniamu safi, aina inayofanya kazi ikiwa imepozwa kwa naitrojeni ya maji, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Kikaonyesha wazi alama za uraniamu 235 na plutoniamu 239. Wasovieti nao wakarusha helikopta yenye kipimo cha nyutroni, ikakitambua kichwa kile ikiwa mbali na meli.

Matatizo mawili yalijitokeza, na yoyote atakayerudia atakutana nayo. La kwanza: mionzi ya uraniamu 235 ni dhaifu, bati la risasi la milimita chache linaizima. Kipimo kikinyamaza, hujathibitisha kwamba bomu halipo. La pili ni kinyume chake: kipimo kizuri huona kupita kiasi. Grafu ile ile inayosema "kuna plutoniamu" humwambia mjuzi mambo ya muundo wa bomu, na hakuna jeshi litakaloruhusu hilo mara ya pili. Dawa iliyotafutwa baadaye ni kizuizi cha taarifa: kompyuta husoma grafu ndani ya kasha lililofungwa na kutoa nje taa tu, ya kijani au nyekundu. Kisha mnabishana nani aliyetengeneza kasha.

Mkichagua njia hii, mapatano yawe kurasa mbili zenye majibu ya haya: data ni ya nani, nakala inatoka lini (siku hiyo hiyo, kwa pande zote mbili), nani anaruhusiwa kuichapisha, na nini kitatokea siasa zikigeuka. Kibali cha kutoa vifaa nchini kiombwe mapema kuliko viza, maana forodha huchelewesha kuliko ubalozi. Pelekeni vipuri vya kila kitu kinachoungua: vyanzo vya umeme, nyaya, saa. Saa hasa. Kituo chenye saa iliyopotoka hata kwa sekunde moja hukosea mahali pa tukio kwa kilomita kadhaa.

Ziara ya wataalamu wachache

Januari 2004, mwaka mmoja baada ya Korea Kaskazini kuwafukuza wakaguzi wa kimataifa, John Lewis wa Chuo Kikuu cha Stanford aliongoza kundi dogo lisilo rasmi hadi Yongbyon, kituo cha nyuklia cha nchi hiyo. Miongoni mwao alikuwemo Siegfried Hecker, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa maabara ya silaha za nyuklia ya Los Alamos, Marekani. Walionyeshwa bwawa lililokuwa na fito takriban 8,000 za mafuta ya nyuklia yaliyotumika; fito hizo zilikuwa zimeondoka. Kisha wenyeji wakaleta sanduku lenye chupa ya glasi, ndani yake kipande cha chuma cha gramu kama 200, wakasema ni plutoniamu.

Hecker aliomba aishike, akiwa amevaa glavu. Jengo lilikuwa la baridi kali, lakini chupa ilikuwa na uvuguvugu kidogo, kama inavyotarajiwa kwa plutoniamu, ambayo hujipasha yenyewe kwa mionzi yake. Ilikuwa nzito kwa umbo lake. Aliuliza msongamano, wakamjibu kati ya gramu 15 na 16 kwa sentimita ya ujazo. Plutoniamu tupu inakaribia 20. Jibu lile lilimaanisha imechanganywa na metali nyingine kidogo ili iweze kupewa umbo. Jibu la namna hiyo haliwezi kubuniwa na afisa wa itifaki. Aliporudi na kutoa ushahidi mbele ya Seneti, alisema kwamba hayo yote yanalingana na plutoniamu, lakini hawezi kuthibitisha kwa uhakika kuwa ndiyo, wala kwamba ilitoka kwenye fito zile.

Tahadhari ile ndiyo iliyompa heshima pande zote mbili, na Novemba 2010 akarudi kuonyeshwa ukumbi wa mashine za kurutubisha uraniamu ambazo wenyeji walisema ni 2,000. Ziara ni ya haraka na ya bei nafuu: watu watano, wiki moja. Ila mwenyeji ndiye anayechagua mnachokiona, na anakichagua kwa faida yake. Daftari la kila mmoja liwe na safu tatu tangu siku ya kwanza: nimeona, nimeambiwa, nadhani. Anayeshindwa kuzitenganisha asipelekwe.

Majirani wawili

Jukwaa la hadhara, kama shirika la madaktari la IPPNW lililoasisiwa na Bernard Lown na Yevgeny Chazov mwaka 1980 na kupewa Nobel ya Amani 1985, hufaa kuuamsha umma. Halifai kujadili namba nyeti. Mbele ya kamera hakuna anayekubali kwamba alikosea hesabu.

Jopo la wataalamu wa serikali ni rasmi, hata kama waliomo ni wanasayansi watupu. Lile la Geneva, Julai na Agosti 1958, lilipendekeza vituo 160 hadi 170 vya nchi kavu na meli 10. Miezi michache baadaye Marekani ikaleta data mpya iliyosema havitoshi, na Wasovieti wakaona wamechezewa. Kundi la wataalamu wa mitetemo lililoanza 1976, pia Geneva, lilifanikiwa zaidi kwa kuwa halikupewa chochote cha kukubaliana. Lilifanya mazoezi ya kubadilishana data kwa miaka mingi, na mazungumzo ya mkataba yalipofunguliwa 1994 makabati yao yalikuwa yamejaa.

Kwa kundi la Afrika Mashariki

Nchi zetu hazina bomu, kwa hiyo kamati ya akademia mbili si yetu. Lakini hatuko nje ya jambo hili. Uraniamu ya Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ndiyo iliyolisha kwa sehemu kubwa mradi wa Manhattan, uliotengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani. Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipoukamilishia uridhiaji wa 28. Na wajukuu wa vile visanduku vya 1962 wako hapa: Kilimambogo, Kenya, kuna kituo cha mitetemo cha mtandao wa mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, na Dar es Salaam kuna kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani.

Kundi changa lenye fedha kidogo tungelishauri lisianze kwa kuandaa mkutano wake mpana. Ukumbi, tiketi na malazi ya wageni 25 vitameza bajeti ya miaka miwili, na mtabaki na picha ya pamoja. Anzeni na watu wanne au watano wa jiofizikia na fizikia ya nyuklia, mwombe data kupitia kituo cha taifa cha data, mchague matetemeko ya Bonde la Ufa na milipuko ya migodini, mjizoeze kuitenganisha. Mwaka mmoja wa kazi hiyo unawapa waraka. Waraka unawapa kiti Pugwash, na pale mtakutana na Mhindi na Mpakistani, au Mwirani na Mmarekani, wanaotafuta mtu wa tatu mwenye ujuzi wa kuwasomea rekodi ambazo kila mmoja anadhani mwenzake amezichezea. Hapo ndipo mnaweza kukaribisha kikao chenu kidogo cha faragha, siku tatu, nje ya mji, mkiwa na rekodi zenyewe mezani.